Kromosomu imebaki njiani: kutafuta chanzo cha hitilafu katika mgawanyiko wa seli

Kila muhula, zoezi la ncha ya mzizi wa kitunguu likifika, hutokea mwanafunzi akainua uso kutoka kwenye hadubini na kuniita: "Mwalimu, hebu njoo. Kuna moja imebaki." Naenda, naangalia, na mara nyingi jibu langu la kwanza humvunja moyo: andaa slaidi nyingine, tuone kama itajirudia. Simzuii asigundue kitu. Hitilafu za kweli za kugawana kromosomu zipo, zina sura zake, na mtu akishazizoea hazimpotezi. Tatizo ni kwamba zimezungukwa na za uongo zinazofanana nazo, ambazo tumezitengeneza wenyewe kwa kidole gumba, asidi na pupa.

Nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata yale ambayo watu huniletea: kwanza kinachoonekana, kisha visababishi, kuanzia kinachotokea mara nyingi hadi kilicho nadra. Sehemu za mwisho zinaacha kitunguu na kuingia kwa binadamu. Huko nimeweka mipaka wazi, maana huko haraka ya msomaji humwumiza mtu.

## Kwanza, mambo yanavyopaswa kwenda

Kabla seli haijagawanyika, kila kromosomu hunakiliwa, ikawa na kromatidi mbili pacha zilizofungwa pamoja na pete za protini iitwayo kohesini. Kwenye kiuno cha kila pacha, yaani kwenye sentromia, hujengwa kishikio kiitwacho kinetokori. Nyuzi za spindeli hutoka pande mbili za seli, zikirefuka na kufupika, zikipapasa mpaka zinase vishikio hivyo. Unasaji sahihi ni mmoja tu: pacha huyu avutwe na ncha ya huku, mwenzake na ncha ya kule. Nyuzi zinavuta, kohesini inazuia, na pale katikati panakaza.

Mkazo huo ndio seli inaoutegemea. Mwaka 1969 Bruce Nicklas na mwenzake, wakitumia sindano nyembamba mno ndani ya seli hai za panzi, walionyesha kwamba uzi ulionasa vibaya huachia, lakini ukivutwa ukapata mkazo hudumu. Mwaka 1995 Nicklas na Xiaotong Li walifanya jambo ambalo kila nikilisimulia darasani naona macho yanafunguka. Katika seli za vunjajungu dume, kromosomu iliyokosa mwenzake huifanya seli isite kugawanyika. Wao wakaivuta kromosomu ile kwa sindano, na seli ikaendelea kana kwamba mambo yamekamilika. Seli ilisikia mkazo ikaridhika.

Anayeachisha nyuzi zilizonasa vibaya ni kimeng'enya kiitwacho Aurora B, kinachokaa karibu na sentromia. Anayezuia safari isianze kabla ya vishikio vyote kunaswa ni kundi la protini za ulinzi ambazo jeni zake, MAD na BUB, zilitambuliwa katika hamira mwaka 1991. Kishikio kimoja tu kilicho wazi kinatosha kuizuia seli nzima. Kikishanaswa cha mwisho, breki inaachiwa, kimeng'enya separasi kinakata kohesini, na mapacha wanaachana.

Kwa hiyo swali la kubeba katika kila dalili hapa chini ni hili: sentromia iko wapi, na nani anaivuta?

## Dalili ya 1: Kundi limefika pande zote mbili, kromosomu moja au mbili zimebaki katikati

Hili ndilo linaloletwa kuliko yote.

Slaidi yenyewe. Ukibonyeza kioo cha kufunikia huku kikiteleza, kromosomu moja hutoka mahali pake ikaangukia katikati. Kagua hivi: je, mikono ya hiyo iliyobaki imelala kwenye mstari wa safari, au imelala ovyo kama kijiti kilichotupwa? Je, seli za jirani nazo zimechanika au zimevutika upande mmoja? Kama ndiyo, kidole chako ndicho chanzo. Tengeneza slaidi nyingine, bonyeza wima bila kusogeza kioo, na uhesabu angalau anafezi hamsini (yaani seli ambazo mapacha wake wanaachana) kabla ya kusema lolote. Kitunguu kina kromosomu 16, hivyo katika anafezi safi unatarajia 16 zielekee kila upande, zote zikitangulia kwa sentromia na mikono ikiburuzika nyuma.

Kishikio kimoja kimenaswa kutoka pande zote mbili. Hiki ndicho kisababishi halisi kinachoongoza, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili kueleweka kuliko vyote. Pacha mmoja ameshikwa na nyuzi za huku na za kule kwa wakati mmoja, kama chombo kilichofungwa kamba kwenye gati mbili. Ubaya wake ni kwamba walinzi hawauoni. Wao hutafuta kishikio kilicho wazi, na hiki si wazi. Mkazo nao upo. Breki inaachiwa, wenzake wanaondoka, yeye anavutwa huku na huku. Chini ya hadubini nzuri utaona sentromia yake imenyumbuka kuelekea pande zote mbili, tofauti kabisa na kipande kilicholala tu.

Kubaki nyuma si sawa na kupotea. Mara nyingi upande wenye nyuzi nyingi hushinda, na kromosomu hufika inakotakiwa, ila kwa kuchelewa. Ndiyo maana idadi ya seli zenye kromosomu iliyochelewa huwa kubwa kuliko idadi ya seli ambazo hatimaye zina hesabu isiyo sahihi. Usiandike "hesabu imeharibika" kwa kuona anafezi peke yake.

Kipande kisicho na sentromia. Kromosomu ikivunjika, kile kipande kilichobaki bila kiuno hakina pa kushikwa. Hakina umbo la V, hakinyumbuki, kimekaa tu. Hapo usitafute kosa la spindeli. Tafuta kilichovunja DNA.

Walinzi au kishikio vina kasoro. Nadra. Dalili yake ni kwamba karibu kila anafezi ina tatizo, na kromosomu nyingi zimechelewa kwa pamoja.

Hatua rahisi: rudia na kitunguu kingine kilichooteshwa kwenye maji safi tu. Tofauti ikitoweka, chanzo kilikuwa kwenye maji au dawa uliyokuwa ukiipima. Hatua ya ndani zaidi inahitaji rangi zinazong'aa kwa mikrotubuli (ndizo nyuzi za spindeli) na sentromia, na hadubini ya kuziona. Ishia hapa kama huna kifaa hicho: orseini, rangi yetu ya kawaida ya kromosomu, haionyeshi nyuzi za spindeli, na hakuna ustadi wa jicho utakaoziba pengo hilo. Tafuta maabara ya chuo kikuu yenye hadubini ya fluoresensi.

## Dalili ya 2: Daraja kati ya makundi mawili

Uzi mwembamba wa rangi umeunganisha pande mbili zilizokwisha kuachana.

Hakikisha kwanza rangi haikuzidi na mizizi haikukaa kwenye asidi mpaka ikalainika kupita kiasi. Asidi hidrokloriki ya mola 1 kwa nyuzi joto 60 inahitaji dakika chache tu; ikizidi, kromosomu huvimba na kushikamana, na utaona "madaraja" kila mahali. Madaraja ya namna hiyo ni mazito, yana kingo zisizo wazi, na hayana kipande pembeni.

Daraja la kweli mara nyingi hutokana na kromosomu yenye sentromia mbili. Jibu swali letu: sentromia ziko mbili, na kila moja inavutwa na upande wake. Kromosomu mbili zilizovunjika zimeungana ncha kwa ncha, au ncha zake za kinga, telomeri, zimechakaa zikashikana. Angalia kama kuna kipande kidogo karibu na daraja, maana muungano wa namna hii mara nyingi huacha vipande visivyo na sentromia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Barbara McClintock alifuatilia jambo hili katika mahindi akaona mzunguko wake: daraja linakatika, ncha zilizokatika zinaungana tena baada ya kunakiliwa, na mgawanyiko unaofuata unazaa daraja jingine. Seli moja iliyovunjika leo inaweza kurithisha uvunjaji kwa vizazi.

Chanzo kingine ni mapacha ambao DNA zao hazijafumuliwa. Baada ya kunakiliwa, nyuzi mbili za DNA hubaki zimesokotana, na kimeng'enya topoisomerasi II hukata na kuunga mpaka zitengane. Kikizuiwa, na kuna dawa za saratani zinazofanya hivyo, mapacha wanavutwa wakiwa bado wamefungana. Baadhi ya madaraja haya ni membamba mno, hayashiki rangi za kawaida. Kutoyaona hakumaanishi hayapo.

## Dalili ya 3: Kromosomu nene, fupi, zimetawanyika, na hakuna anafezi hata moja

Mwaka mmoja darasa zima lilinipa picha hii. Tukapekua kemikali zote, tukalaumu maji ya bomba, mpaka msaidizi mmoja akakumbuka kwamba mizizi ililala kwenye jokofu kabla ya kuhifadhiwa. Baridi huvunja mikrotubuli. Ndiyo maana wapo wanaotumia maji ya barafu kwa makusudi, wakitaka kukusanya metafezi nyingi, yaani seli ambazo kromosomu zake zimekunjamana ila bado hazijaachana. Uliza habari ya jokofu kwanza, kabla ya kuuliza lolote lingine.

Kama si baridi, fikiria kemikali zinazogusa spindeli. Maarufu ni kolkisini. Albert Levan alieleza mwaka 1938 inachofanya kwenye mizizi ya kitunguu: kromosomu zinakunjamana vizuri, mapacha wanalegea hadi kuonekana kama msalaba, lakini hakuna wa kuwavuta. Baadaye seli hurudisha kiini kimoja chenye kromosomu maradufu. Baadhi ya viuagugu, kama trifluralini, hufanya vivyo hivyo kwa mimea. Kwa hiyo uliza pia kitunguu kilitoka wapi na kilihifadhiwa na nini. Kisichotoa mizizi kabisa kinaweza kuwa kilitibiwa kisichipue. Kibadilishe, usipoteze siku tatu ukikisubiri.

Kama hupati anafezi lakini metafezi nazo ni chache, huna hitilafu ya spindeli. Umekata mzizi mahali pasipo sahihi. Seli zinazogawanyika ziko milimita moja au mbili za mwisho.

Simama: kolkisini si ya kuchezea. Kiasi kidogo kinaua, na dawa ya kuikomesha mwilini haipatikani kirahisi. Usiitumie bila msimamizi, glavu na sehemu maalumu ya kutupia taka. Wala usiitafute porini: Gloriosa, ule mmea utambaao wenye maua mekundu yenye kingo za manjano, unaoota wenyewe katika Afrika Mashariki, una kolkisini kwenye viazi vyake, na watu wamekufa kwa kuvila. Mtu akimeza, akianza kutapika na kuharisha baada ya saa kadhaa, apelekwe hospitali mara moja hata kama anaonekana amepata nafuu. Nafuu hiyo ya muda hudanganya.

## Dalili ya 4: Kiini kidogo kando ya kiini kikubwa

Hiki ni kituo cha mwisho cha Dalili ya 1 au ya 2. Kromosomu iliyochelewa, au kipande, kimejengewa utando wake peke yake.

Kabla ya hapo, sogeza skrubu ya kulenga juu na chini. Punje ya rangi hung'aa au hubaki nyeusi tititi na huonekana kwenye kina tofauti na seli; kiini kidogo cha kweli kiko kwenye kina kimoja na kiini kikubwa, kina mviringo laini, na kina rangi ya kadiri ileile au hafifu kidogo. Kama huna uhakika, usikihesabu.

Kujua kama ndani kuna kromosomu nzima au kipande, rangi ya kawaida haikusaidii; panahitajika kipimo cha kutambua sentromia. Yenye sentromia imetokana na safari mbovu, isiyo nayo imetokana na kuvunjika. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu dawa inayovunja DNA na dawa inayovuruga spindeli zinadhibitiwa kwa namna tofauti.

Zamani tulifundishwa kwamba viini vidogo ni mabaki tu. Sivyo. Utando wake ni dhaifu na hupasuka kirahisi, na kromosomu iliyomo inaweza kupasuliwa vipande vingi kisha kuunganishwa ovyo kwa mkupuo mmoja. Upasukaji wa namna hiyo ulielezwa mwaka 2011 katika seli za saratani, na viini vidogo vikaja kuonekana kuwa mojawapo ya mahali unapotokea. Kromosomu iliyopotea njia mara moja inaweza kurudi kundini ikiwa imeharibika.

## Dalili ya 5: Viini viwili ndani ya seli moja, au anafezi yenye pande tatu

Kwenye kitunguu, viini viwili katika seli moja kwa kawaida ni ukuta wa katikati ulioshindwa kujengwa. Kromosomu ziligawanywa sawasawa. Kilichokosekana ni uzio. Kafeini hufanya hivyo, kwa hiyo wanaopima majimaji ya chai au kahawa kwenye mizizi wasishangae.

Pande tatu au nne ni jambo la seli za wanyama zaidi, kwa sababu wao nyuzi zao hutoka kwenye sentrosomu, na sentrosomu zinaweza kuzidi. Mimea kama kitunguu haina sentrosomu. Theodor Boveri alionyesha madhara yake mapema, mwaka 1902. Alilifanyia kazi yai la yule mnyama wa baharini mwenye miiba mwili mzima, ambaye wavuvi wa pweza wakati wa maji kupwa wanamjua kwa nyayo zao. Yai likirutubishwa na mbegu mbili, linapata nguzo (ncha za kuvutia) za ziada, kromosomu zinagawanywa kwa kubahatisha, na viinitete vingi vinaharibika, kila kimoja kwa namna yake. Kutokana na hapo Boveri alisema kila kromosomu ina kazi yake, na mwaka 1914 akaandika kwamba uvimbe wa saratani unaweza kuanzia kwenye mgawanyiko wa namna hii.

Leo tunajua kwamba seli nyingi zenye sentrosomu za ziada hazigawanyiki kwa pande tatu mpaka mwisho. Huzikusanya nguzo hadi zikawa mbili. Lakini katika kukusanya huko, vishikio vingi vinakuwa vimeshanaswa na pande zisizo zake, tukarudi kwenye Dalili ya 1.

## Dalili ya 6: Chavua tasa, tunda lisilo na mbegu

Mkulima akiniuliza kwa nini ndizi haina mbegu, namwambia ni suala la kugawana. Ndizi za matoke za Uganda na Kagera zina seti tatu za kromosomu, 11 mara tatu, jumla 33. Katika meiosisi, yaani mgawanyiko unaotengeneza gameti (mayai na mbegu za kiume), kromosomu hutafuta mwenzake wa kuoana naye kabla ya kuachana. Watatu hawagawanyiki kwa wawili. Baadhi hupata kumi na moja na ushei, wengine ishirini na kasoro, na karibu gameti zote hazifai. Hii si kasoro ya kutibu. Ndiyo iliyotupa ndizi laini, na ndiyo sababu ya kupanda machipukizi.

Ila kwa mtafiti wa mbegu ni kikwazo kikubwa. Aina nyingi huzaa mbegu chache mno hata zikichavushwa kwa mkono, na mahuluti ya NARITA yaliyotolewa na NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, yalihitaji kupitia mmea wenye seti nne kwanza, ambao hesabu yake inagawanyika vizuri zaidi, kabla ya kurudi kwenye tatu.

## Dalili ya 7: Hesabu ya kromosomu za binadamu hailingani

Hapa nazungumza na wanafunzi wa maabara za hospitali. Umehesabu seli, nyingi zina 46, moja ina 45.

Mara nyingi seli hiyo ilipasuka wakati wa kudondoshea kwenye slaidi, na kromosomu moja ikakimbilia jirani. Angalia seli ya karibu kama ina 47. Kwa sababu hii hakuna anayetoa jibu kwa seli moja. Desturi ni kuchambua takriban ishirini, na zaidi pakiwa na shaka ya mchanganyiko. Kukosa kromosomu ileile katika seli kadhaa ni jambo zito kuliko kukosa tofautitofauti.

Kisha uliza umri. Kadiri mtu anavyozeeka, baadhi ya seli zake za damu hupoteza X moja akiwa mwanamke, au Y akiwa mwanamume. Hilo peke yake halimwelezi mgonjwa wako.

Tukumbuke pia kwamba hata hesabu ya 46 ilichelewa kufahamika. Ilichapishwa mwaka 1956 na Joe Hin Tjio na Albert Levan, yuleyule wa kitunguu na kolkisini, baada ya miaka mingi ya vitabu kuandika 48. Kilichowapotosha waliotangulia kilikuwa maandalizi ya slaidi, kama yanavyotupotosha sisi.

Simama: usimwambie mgonjwa wala ndugu yake neno lolote kutokana na ulichoona. Jibu hutoka kwa mtaalamu aliyesajiliwa, baada ya kupitiwa na mtu wa pili.

## Dalili ya 8: Mimba imeharibika, au mtoto amezaliwa na kromosomu ya ziada

Swali hili huniletewa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mtu aliyebaki nyuma wengine wakishatoka. Huanza hivi: "Mwalimu, nilifanya nini?"

Hukufanya kitu. Yai la mwanamke huanza mgawanyiko wake wa kwanza wa meiosisi akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha linasimama. Linasubiri miaka kumi na mitano, thelathini, arobaini, likiendelea pale tu linapokomaa kutoka. Muda wote huo kromosomu zimeshikiliwa na kohesini ileile, na ushahidi, hasa kutoka kwa panya, unaonyesha kwamba haibadilishwi na mpya. Inachakaa. Kromosomu zilizolegea hunaswa vibaya kirahisi. Ndiyo maana umri wa mama una uzito: uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down ni takriban mmoja kati ya 1,250 akiwa na miaka 25, mmoja kati ya 350 akiwa na 35, na mmoja kati ya 100 akiwa na 40. Lakini mama wa miaka 22 pia hupata. Chakula, kazi nzito, macho ya watu, kijicho cha jirani: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofungua kohesini.

Nimeona lawama zikimwangukia mama peke yake, na hilo linaniuma. Ni kweli kwamba katika sindromu ya Down kromosomu ya ziada hutoka kwenye yai mara nyingi, karibu tisa katika kumi. Lakini kwa mtoto wa kiume mwenye XXY, yaani X moja ya ziada, karibu nusu hutoka kwa baba. Na msichana mwenye X moja tu, mara nyingi X aliyo nayo ni ya mama. Iliyopotea ni ya upande wa baba. Anayetaka kulaumu kwa kufuata kromosomu atajikuta anazunguka ukoo mzima.

Kwa mpangilio wa visababishi:

Mimba ikitoka katika miezi mitatu ya kwanza, karibu nusu ya mara huwa na hesabu ya kromosomu isiyo sahihi. Trisomi (kromosomu tatu badala ya mbili) inayoonekana zaidi katika mimba hizo ni ya kromosomu 16, ambayo karibu kamwe haifiki kuzaliwa. Mimba moja ikitoka hivyo, kwa kawaida ni ajali ya yai au mbegu ile, na inayofuata ina nafasi nzuri.

Kwa mtoto mwenye sindromu ya Down, asilimia 95 hivi ni kromosomu 21 nzima ya ziada iliyotokana na kutoachana katika meiosisi. Kromosomu hiyo ya tatu ilitambuliwa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin huko Paris, na kazi ya kuotesha seli ilikuwa mikononi mwa Gautier. Asilimia moja au mbili ni mchanganyiko: kosa lilitokea katika mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli, baada ya yai kurutubishwa, hivyo baadhi ya seli zina 46 na nyingine 47.

Asilimia tatu au nne zilizosalia ndizo ninazoomba zisipitwe. Hapa kromosomu 21 ya ziada imeungana na nyingine, mara nyingi ya 14. Mzazi mmoja anaweza kuwa na muungano huo bila kuugua chochote, akiwa na hesabu ya 45, kwa sababu vinasaba vyote vimo. Akiwa mama, uwezekano wa mtoto mwingine kuwa na hali hiyo ni kama asilimia 10 hadi 15. Akiwa baba ni mdogo zaidi. Huwezi kumtambua mtoto wa kundi hili kwa sura. Anafanana na wengine wote.

Nenda hospitali sasa hivi, usisubiri kipimo cha kromosomu, kama una mimba na unatoka damu nyingi, una maumivu makali ya tumbo au bega, homa, au kizunguzungu cha kuzimia. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huua, na haina uhusiano na umri wa kohesini.

Muone daktari bingwa wa wanawake kama mimba zimetoka mara mbili au zaidi. Kromosomu ni sababu moja tu. Umbo la kizazi, homoni na kuganda kwa damu vinakaguliwa pia. Mtoto mwenye Down apimwe moyo mapema, maana karibu nusu yao huzaliwa na tatizo la moyo, na mengi yanarekebishika yakiwahiwa. Omba pia kariotaipu yake (kipimo cha kuhesabu na kupanga kromosomu), hata kama daktari ana uhakika kwa kumwangalia tu. Ikirudi 47, wazazi kwa kawaida hawahitaji kupimwa. Ikirudi 46 yenye muungano, damu ya baba na ya mama zichukuliwe zote mbili, kwa siku moja ikiwezekana, ili asiwepo wa kuitwa peke yake. Na mmoja akikutwa anabeba muungano huo, ndugu zake wa kuzaliwa nao waelezwe kabla hawajapanga watoto wao.